Kundi la WhatsApp la darasa: hatua za kulianzisha na kulitumia katika somo

Makundi mengi ya WhatsApp ya madarasa hufa kwa njia ileile. Wiki ya kwanza mwalimu anatuma notsi za kurasa thelathini alizozipiga picha. Wiki ya pili wazazi wanaanza kutumiana dua, matangazo ya vikoba na video za kuchekesha. Wiki ya tatu nusu yao wamezima mlio, na mwalimu naye kazima wa kwake. Hakuna aliyefanya kusudi. Tatizo ni kwamba kundi lilianzishwa likiwa halina kazi, na notsi zile mwanafunzi alikuwa nazo tayari kwenye daftari.

Mwongozo huu umeandikwa kwa kufikiria shule ya sekondari ya kutwa Moshi, darasa la wanafunzi 48, somo la Jiografia. Mwalimu wa Arusha au wa somo jingine atabadilisha majina na mifano, hatua zitabaki zilezile. Msimamo wetu ni mmoja: kundi lilete darasani kitu ambacho darasa halina. Watoto wa chumba kimoja wanatoka Pasua na Njoro, wengine Kiboriloni, wengine wanapanda daladala alfajiri kutoka Uru, Kibosho au Mabogini. Kila nyumba ina mvua yake, udongo wake, babu yake na bei yake ya ndizi. Vitu hivyo vikikusanywa jioni kwa simu, kesho yake ubaoni kuna somo ambalo halimo kwenye kitabu chochote.

Kabla ya kugusa simu

Mwanafunzi haji na simu shuleni, na mwongozo huu haumhitaji aje nayo. Simu tunayoizungumzia ni ya mzazi au mlezi, inakaa nyumbani, na yeye ndiye mwanachama wa kundi. Kuna sababu nyingine pia: masharti ya WhatsApp yenyewe yanataka mtumiaji awe na umri usiopungua miaka 13, na Kidato cha Kwanza utawakuta ambao hawajaufikisha.

Anza kwa Mkuu wa Shule, na umwandikie. Ukurasa mmoja unatosha: jina la kundi, darasa, somo, majina ya walimu wawili watakaoliendesha, siku na saa za kutuma kazi, na tarehe ya kulifunga. Nakala mpe mwalimu wa taaluma. Barua hiyo itakulinda siku mzazi mmoja atakapokwenda kwa Afisa Elimu Kata kuuliza nani kakupa namba yake.

Kisha fanya sensa ya simu. Usiwaambie watoto wanyooshe mikono, kwa sababu asiyenayo nyumbani atanyoosha ili asichekwe. Gawa karatasi ndogo, kila mmoja aandike peke yake: anaishi mtaa au kijiji gani, nyumbani kuna simu janja au kitochi, ni ya nani, na inakuwepo nyumbani kuanzia saa ngapi. Swali la mwisho ndilo la maana kuliko yote. Mama anayeuza Mbuyuni anaondoka na simu alfajiri anarudi jioni, na baba wa bodaboda huenda akarudi saa 4 usiku. Ukituma kazi saa 9 alasiri unakuwa unaongea na simu iliyo sokoni.

Ukikuta simu janja hazifiki nusu ya darasa, acha WhatsApp na utumie SMS kama tutakavyoeleza chini. Kundi la wachache linawagawa watoto, na mgawanyiko huo unaonekana haraka sana kwenye nyuso zao.

Hatua ya mwisho hapa ni fomu ya ridhaa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaziweka taarifa za watoto miongoni mwa taarifa nyeti, kwa hiyo ridhaa iwe ya maandishi. Fomu iwe ya Kiswahili, na iwe na sehemu mbili zinazosainiwa mbalimbali: moja ya namba ya simu kuingizwa kwenye kundi, nyingine ya picha au sauti ya mtoto kutumika. Mzazi anayo haki ya kukubali ya kwanza na kuikataa ya pili. Fomu zikae kwenye faili ofisini, zisipigwe picha na kuhifadhiwa kwenye simu yako.

Kwa nini WhatsApp na si kingine

Kwa sababu wazazi tayari wanayo. Telegram ina faida zake za kweli: inaficha namba za simu, mgeni anayeingia leo anaona kazi zote za nyuma, na ina maswali ya kuchagua yanayojisahihisha. Kwa kidato cha tano na sita kwenye shule ambayo wazazi wengi wanayo, itumie. Lakini kumwambia mzazi wa Old Moshi ashushe programu mpya kwa ajili ya Jiografia ni kupoteza robo ya darasa kabla hujaanza.

Facebook, Instagram na TikTok tunaziacha nje kabisa ya kazi ya darasa. Ni mahali pa wazi, na kazi ya mtoto iliyokosewa haina sababu ya kuonwa na mji mzima.

Kuunda kundi

1. Tafuta laini ya kazi. Nzuri zaidi ni laini ya shule. Ikikosekana, sajili ya pili kwa jina lako. WhatsApp kwenye simu nyingi za Android inakubali akaunti mbili kwenye simu moja, hivyo huhitaji kununua simu nyingine. Namba yako ya familia isiingie humu, maana ukishaitoa kwa wazazi 48 huwezi kuirudisha.

2. Hifadhi namba za wazazi kwa namba ya mtoto kwenye rejista, kwa mfano "2B-17 Mama" au "2B-31 Mlezi". Simu ikipotea, aliyeiokota hapati orodha ya majina ya watoto na wazazi wao.

3. Kwenye akaunti hiyo weka namba ya siri ya ziada ya tarakimu 6, ile inayotumika kuthibitisha akaunti mara mbili. Iko kwenye mipangilio, sehemu ya akaunti. Hatua hii inachukua dakika moja.

4. Unda kundi ukiwa na mwalimu mwenzako tu, wote wawili muwe maadmini. Jina liwe wazi na liwe na ukomo: "Jiografia 2B, Muhula wa I". Admini mmoja hatoshi, kwani simu yake ikiharibika kundi linabaki bila mwenyewe.

5. Kabla hujaongeza mtu yeyote, gusa jina la kundi juu, ingia kwenye ruhusa, na uweke hivi: maadmini pekee wanatuma ujumbe (jioni za kazi utalifungua kwa majibu hadi saa 2 usiku), maadmini pekee wanabadili maelezo, maadmini pekee wanaongeza watu, na anayeomba kujiunga aidhinishwe kwanza. Watu huacha hatua hii ifanyike baadaye, na ndani ya saa moja kundi limeshajaa "Amina" arobaini.

6. Ongeza wazazi kwa namba zao kutoka kwenye fomu. Ambao mipangilio yao inakataa kuongezwa, watumie linki mmoja mmoja. Wakishaingia, ibatilishe linki hiyo. Linki iliyoachwa hai husambaa hadi kwa watu usiowajua.

7. Tuma ujumbe wa kwanza, uubandike juu ya kundi, kisha funga simu.

Ujumbe wa kwanza uandikwe kwa lugha ambayo mzazi ataisikia kuwa ni ya mwalimu wa mtoto wake. Huu unaweza kuutumia ulivyo:

"Habari za jioni ndugu wazazi na walezi wa Kidato cha Pili B. Hili ni kundi la somo la Jiografia tu, na Mkuu wa Shule ameliruhusu. Kazi itatumwa Jumatano na Jumapili saa 12 jioni. Kundi litakuwa wazi kwa majibu hadi saa 2 usiku, kisha litafungwa. Ada, michango na matangazo mengine havipiti hapa. Jambo la mtoto wako peke yake, karibu ofisini au nipigie saa za kazi. Asiye na bando wiki hii asihangaike, mtoto ataikuta kazi ubaoni kesho yake. Asanteni sana."

Sentensi ya kabla ya mwisho usiifute. Inamtoa mzazi kwenye aibu ya kukopa vocha kwa ajili ya kazi ya nyumbani.

Kuhusu michango, shikilia hapo hapo. Mara fedha inapotajwa ndani ya kundi la somo, hata kwa nia njema, mazungumzo yote hugeuka kuwa ya fedha, na matapeli nao hupata mlango. Mambo ya malipo yabaki kwenye utaratibu rasmi wa shule.

Somo lenyewe: wiki moja ya mvua

Hapa ndipo kazi ilipo. Tunachukua mada ya hali ya hewa kwa sababu Moshi ina bahati ambayo miji mingi haina: darasa moja lina watoto wanaolala kwenye miinuko tofauti ya mlima uleule. Mji uko kwenye mita 800 hivi kutoka usawa wa bahari, Mabogini iko chini zaidi, na vijiji vingi vya Uru na Kibosho vimepita mita 1,000. Kwenye mteremko wa kusini wa Kilimanjaro mvua huongezeka kadiri unavyopanda kutoka tambarare hadi ukanda wa msitu, halafu hupungua tena juu yake. Kitabu kinalieleza jambo hili kwa sentensi moja. Wanafunzi wako wanaweza kulipima wenyewe.

Chagua wiki ya masika, Machi mwishoni au Aprili. Siku moja darasani ifundishe kazi ya kutengeneza kipima mvua. Kila mtoto anahitaji kopo moja lenye ubavu ulionyooka, na kopo la maziwa ya unga ni zuri kuliko yote kwa kuwa kitako chake ni bapa na mdomo una upana uleule wa chini. Chupa ya maji ya lita 1.5 nayo inafaa ikiwa haina kiuno wala mikunjo mingi. Ikatwe juu pale inapoanza kubana, kipande cha juu kigeuzwe kichwa chini na kupachikwa mdomoni kama faneli, ili maji yasikauke kwa jua. Kwa sababu kitako cha chupa kina mabonde, mtoto aweke kokoto chache na maji hadi yafike pale ubavu uliponyooka, kisha achore mstari kwa kalamu ya maka. Mstari huo ndio sifuri. Kila asubuhi akishasoma, anamwaga na kurudisha maji hadi mstarini.

Rula ndiyo inayoharibu vipimo vya watoto wengi. Rula nyingi za plastiki zina ukingo mtupu wa milimita chache kabla ya sifuri. Anayeizamisha kwenye kopo hadi kitako anasoma mvua pungufu kila siku, na kwa siku ya manyunyu anaandika sifuri wakati mvua ilikuwepo. Mwambie kila mtoto aupime ukingo wa rula yake kwanza, kisha aujumlishe kwenye kila kipimo. Ukipata fundi wa kuukata, bora zaidi.

Kopo likae uwanjani. Umbali wake kutoka kwenye nyumba au mti uwe angalau mara mbili ya urefu wa kitu hicho. Kwenye kihamba, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, jambo hili ni gumu, maana migomba imesongamana. Basi mtoto achague uwazi mkubwa alionao na aandike kwamba kuna migomba karibu. Taarifa hiyo itatumika darasani. Kopo lizingirwe na mawe matatu au lichimbiwe kidogo ili kuku na mbuzi wasiliangushe.

Kipimo kisomwe saa 12:30 asubuhi kila siku kabla ya kuondoka, kwa milimita nzima, na kiandikwe daftarini hapo hapo. Simu haihitajiki asubuhi. Jumatano jioni vipimo vya siku tatu vinatumwa kwa pamoja kwa mstari mmoja, na Jumapili vya siku nne. Mfumo wa mstari uwe mmoja kwa wote: namba ya rejista, mahali, vipimo. Kwa mfano:

"17 Uru 4-0-14"

Mtoto anaandika kwenye simu ya mzazi, mzazi anatuma. Mistari 40 ya namna hii unaimaliza kuinakili kwenye daftari kwa dakika kumi. Ukiruhusu kila mtu aandike anavyotaka, utapata sauti, picha za makopo, na "mwalimu huku kwetu imenyesha sana", na utakesha.

Sisitiza sifuri. Watoto huamini kwamba siku isiyo na mvua haina cha kuripoti, kwa hiyo wanaacha. Lakini ukimya una maana nyingi: hakupima, simu haikuwa na chaji, kopo liliibiwa. Sifuri ina maana moja tu, kwamba alikwenda akaangalia na hakukuwa na maji. Darasa likishaielewa tofauti hiyo limejifunza kitu kikubwa kuhusu takwimu, hata kama mvua yenyewe watasahau.

Siku ya kipindi, chora jedwali ubaoni ukianza na sehemu ya chini kabisa kwenda juu: Mabogini, Pasua, Njoro, Kiboriloni, Uru, Kibosho. Wasio na simu wanataja vipimo vyao kutoka daftarini na vinaingia kwenye jedwali lilelile. Usiweke alama yoyote ya kuonyesha nani alituma kwa simu. Kwa kipindi cha dakika 40, gawa hivi: dakika 10 za jedwali, 15 za kila mwanafunzi kuchora grafu ya nguzo, 15 za mjadala. Mjadala ufanyike kwa Kiingereza kama mtihani utakavyodai, lakini maelekezo yaliyokwenda nyumbani yabaki ya Kiswahili, maana nyumbani anayesoma ni mama.

Vipimo vya ajabu ndivyo vyenye somo. Wawili wa Kiboriloni, jirani kabisa, mmoja ana 12 na mwingine ana 45. Usimwambie wa 45 kwamba amekosea. Muulize kopo liko wapi. Mara nyingi liko chini ya michirizi ya bati, na paa zima limemiminia maji humo. Mwenye 3 wakati wenzake wana 15 yuko chini ya mgomba au mparachichi. Mwenye 140 aliandika 14.0 na nukta ikapotea njiani, ndiyo maana tunataka milimita nzima. Waonyeshe pia kwamba milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji kwa kila mita ya mraba. Paa la bati la mita 6 kwa 8 lina mita za mraba 48, kwa hiyo mvua ya milimita 14 imelidondoshea lita 672. Watoto wanaobeba ndoo watakaa kimya wakihesabu.

Wiki moja haitoshi kuthibitisha tabia ya mlima, na uwaambie hivyo. Huenda wiki hiyo Pasua ikapata mvua kuliko Uru. Basi wafanye tena muhula ujao wakati wa vuli, wakilinganisha na daftari lao wenyewe.

Masomo mengine yanafuata mkondo huohuo. Hisabati: bei ya mkungu wa ndizi katika masoko tofauti siku moja, kisha wastani wake. Biolojia: jani moja kutoka kila nyumba, mtoto alete lenyewe, simu itumike tu kupiga picha ya mti mzima. Historia: sauti ya dakika moja ya babu au bibi akieleza namna familia ilivyouza kahawa kupitia ushirika, ukiunganisha na KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, iliyoundwa mwaka 1933. Kwa Arusha, wazee wanaokumbuka Azimio la Arusha la mwaka 1967 bado wapo, na sauti zao zina thamani. Mzee aombwe ruhusa kwanza, na aambiwe kwamba darasa zima litasikiliza.

Picha, sauti na video

Maandishi yatangulie siku zote, kwa kuwa bando linaliwa kidogo sana na maandishi. Picha ya kawaida ya WhatsApp huwa chini ya nusu MB. Sauti ya dakika moja ni nyepesi kama picha au chini yake. Video ya dakika moja hula MB kadhaa, na mzazi ambaye hajazima upakuaji wa kujiendesha analipa hata asipoitazama. Kwenye wiki ya kwanza waelekeze wazazi namna ya kuzima upakuaji huo: mipangilio, sehemu ya hifadhi na data, waondoe alama kwenye picha, sauti, video na nyaraka pale wanapotumia data za simu.

Ukihitaji kupiga picha ya mchoro, simama karibu na dirisha, mwanga utoke ubavuni. Karatasi ilale mezani na simu iwe sambamba nayo, usiinamishe. Tumia kalamu nyeusi, maana penseli haionekani kwenye skrini ndogo iliyopasuka. Kwenye picha, punguza kingo ili meza isionekane, kisha itume kwako mwenyewe na uifungue kwenye simu ndogo kuliko yako. Usichoweza kusoma wewe, mzazi hataweza.

Sauti iwe chini ya dakika mbili na ianze kwa kutaja tarehe na kazi. Rekodi chumbani penye pazia au nguo nyingi. Chumba cha darasa kitupu kina mwangwi.

Kama unataka vitabu, usitume faili. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao kwenye maktaba.tie.go.tz, na NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, inaweka mitihani iliyopita kwenye tovuti yake. Tuma jina la kitabu na namba ya ukurasa. Anayeweza ataingia, na wengine watakifungua kilicho shuleni.

Wenye kitochi na wasio na chochote

Kwa kila kazi inayokwenda kwenye kundi, andika SMS moja kwa wenye kitochi. SMS moja ina nafasi ya herufi 160. Ukiweka hata kijikaragosi kimoja cha uso unaocheka, nafasi inashuka hadi 70 na unatozwa SMS mbili au tatu. Andika bila mapambo:

"Jiografia 2B: kesho saa 12:30 asubuhi mtoto apime mvua, aandike mm daftarini, hata kama ni 0. Alete daftari darasani. Simu si lazima. Mwl wa Jiografia"

Hizo ni herufi 150 pamoja na nafasi.

Wasio na simu ya aina yoyote wapewe kazi ubaoni kabla ya kengele ya kutoka, siku ileile. Hakuna alama inayotolewa kwa kutuma. Alama ni ya kazi iliyo daftarini. Sheria hii ikivunjwa mara moja tu, mtoto wa chumba cha kupanga pale Njoro ataanza kukwepa kipindi chako.

Simu ya mwalimu darasani

Skrini ya simu inaonwa vizuri na watu wanane kwa mara moja, zaidi ya hapo wa nyuma wanasukumana. Kwa wanafunzi 48 hayo ni makundi sita. Kila kundi likipewa dakika 3, umetumia dakika 18, karibu nusu ya kipindi kimoja. Kwa hiyo video ifanyike kipindi cha mara mbili tu, na wengine wawe na kazi ya kuandika wakati wa kusubiri zamu. Iwe na urefu usiozidi dakika 2, iwe imeshapakuliwa siku moja kabla. Mtandao wa darasani hauaminiki, na umeme ukikatika asubuhi mnara nao huyumba. Sauti ni rahisi zaidi: spika ndogo ya bluetooth inatosha darasa zima, madirisha yakifungwa upande wa barabara.

Zima taarifa za ujumbe unaoingia kabla simu haijatoka mikononi mwako.

Yanayoharibika mara nyingi

Mwanafunzi anakuandikia usiku peke yake. Hili liwekee mpaka mgumu tangu siku ya kwanza: mwalimu hachati na mwanafunzi mmoja mmoja. Mjibu kwa sentensi moja, "Swali zuri, nitalijibu darasani kesho," kisha umjulishe mwalimu mwenzako wa kundi. Lakini ujumbe ukiwa wa hatari, mtoto anapigwa, anatishiwa au ameondoka nyumbani, usiusubirishe hadi asubuhi. Mpigie Mkuu wa Shule na mwalimu wa malezi usiku huohuo, na usiufute ujumbe.

Akaunti ya mzazi inatekwa. Dalili yake ni mzazi mpole kuomba kila mtu atumie fedha kwa namba ngeni, au kuomba wenzake wamsomee namba ya tarakimu 6 iliyoingia kwenye simu zao. Mtoe kwenye kundi mara moja, mpigie simu ya kawaida, na uwaandikie wengine kwamba namba hiyo ya tarakimu 6 haipewi mtu yeyote, hata mwalimu.

Uvumi unaingia: shule zimefungwa, mtihani umevuja, mtoto kapotea. Admini anaweza kufuta ujumbe wa mwanachama, basi ufute, kisha useme ukweli kwa sentensi moja baada ya kuhakikisha ofisini. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahusu taarifa za uongo na unyanyasaji wa mtandaoni, kwa hiyo linalosambazwa ndani ya kundi lako halikuhusu kwa adabu tu.

Matokeo yanatumwa kwenye kundi. Usifanye hivyo kamwe, hata wazazi wakiyaomba kwa wingi. Orodha ya nafasi ya 1 hadi ya 48 inamfanya mama wa 48 ajitoe usiku huo, na mtoto wake anapokewa nyumbani kwa maneno makali kabla hata hujamweleza alikosea wapi. NECTA yenyewe iliacha kutangaza shule na wanafunzi bora kitaifa mwaka 2023. Matokeo ya mtoto apewe mzazi wake, kwa karatasi au ana kwa ana.

Ujumbe umekwenda pasipo pake. Unaweza kuufuta kwa watu wote ndani ya takriban siku mbili, na kuurekebisha ndani ya dakika 15. Fahamu tu kwamba skrini inapigwa picha kwa sekunde moja.

Picha za wanafunzi

Piga mikono inayopima, kopo, grafu, ubao. Nyuso hazihitajiki kueleza somo. Ikibidi kuonyesha uso, angalia kwanza fomu ya ridhaa ya mtoto huyo, usitaje jina, na hakikisha nyuma yake hakuna mwenzake ambaye mzazi alikataa. Nembo ya shule kwenye sweta pamoja na uso na jina la mtaa vinatosha kumfikisha mtu mbaya hadi getini. Picha za darasa zisiwekwe kwenye statasi yako binafsi.

Kufunga kundi

Wiki ya mwisho ya muhula nakili data zote za mvua kwenye daftari la somo, na karatasi moja ibandikwe ukutani darasani. Waandikie wazazi siku tatu kabla kwamba kundi linafungwa, washukuru, na uwaambie waliohifadhi picha za kazi za watoto wengine wazifute. Siku ya kufunga, toa mwanachama mmoja mmoja, toka mwenyewe mwisho, kisha futa mazungumzo na picha zake kwenye simu yako na kwenye hifadhi yake ya mtandaoni. Watu husahau hiyo ya mtandaoni. Namba za wazazi zifute pia. Muhula ukianza upya, karatasi ndogo za sensa zigawiwe tena, kwa kuwa namba zimebadilika, kuna familia iliyohamia Majengo, na yule aliyekuwa na kitochi huenda sasa ana simu janja.